Kutimiza Masherti ya Banki: Je, Ni Haki au Ni Werevu Tu?

Sote twajua desturi ya soko letu. Mama anayeuza unga akiisha kupima, huongeza kiganja kimoja juu ya kipimo, nasi twaita nyongeza ile matabishi. Mama yule haweki sherti lolote. Hutoa matabishi ili mnunuzi arudi kwake kesho, na mnunuzi asiporudi, hakuna anayemdai kitu.

Mabanki ya Ulaya na Marekani nayo hutoa matabishi. Ila matabishi yao yamefungwa kwa masherti mengi, na katika masherti hayo limezaliwa swali ambalo laweza kumfikia kila ndugu yetu anayeishi na kufanya kazi katika nchi zile. Swali ndilo hili: mtu akitimiza sherti kama lilivyoandikwa, lakini si kama mwandishi wake alivyotamani, je, ametenda haki, au amekula feza ya hila? Wengine watasema kwamba ni jambo dogo, la pauni mia moja na kitu. Sisi hatuoni hivyo. Mtu hujizoeza uaminifu au udanganyifu katika mambo ya pauni mia; hangoji mpaka aletewe milioni.

Kwanza tueleze mambo yanavyokwenda. Tuchukue Uingereza. Banki inayotaka kuvuta wateja wa banki nyingine hutangaza kwamba anayehamia kwake atapewa pauni 150, au 175, pengine hata 200. Kuhama si kazi ngumu. Tangu Septemba 2013 mabanki ya nchi ile yana mpango mmoja wa kuhamisha akaunti: mteja hutia sahihi mara moja, na katika siku 7 za kazi akaunti yake ya zamani hufungwa, na feza yake pamoja na malipo yake yote ya kila mwezi huhamia banki mpya. Lakini ili kupata ile zawadi, kuhama peke yake hakutoshi. Yampasa mteja alete walau amri 2 za malipo, yaani ile ruhusa anayoipa kampuni ya maji, ya umeme au ya simu kujikatia deni lake katika akaunti kila mwezi. Yampasa tena aingize kiasi fulani cha feza kabla ya siku 30 au 60 kupita. Tena asiwe mtu aliyekwisha kupokea zawadi ya namna hiyo katika banki ile ile.

Ziko pia akaunti zinazomrudishia mteja sehemu ya malipo yake. Iliyosifiwa sana ni ile ambayo banki ya Santander iliianzisha Uingereza mwaka 2012, ikaiita 123. Ilirudisha asilimia 1 mpaka 3 ya bili za nyumba, nayo ilitoa faida iliyofika asilimia 3 kwa akiba isiyozidi pauni 20,000. Masherti yake yalikuwa mawili: pauni 500 ziingie katika akaunti kila mwezi, na amri 2 za malipo ziwepo. Ada yake ilikuwa pauni 2 kwa mwezi. Januari 2016 ikapandishwa kuwa pauni 5, na Novemba mwaka ule ule faida ikapunguzwa kuwa asilimia 1.5. Wateja wengi walifanya hesabu upya, na wengine wakaondoka.

Sasa angalieni lile sherti la pauni 500. Banki ilitaka nini? Haina siri: ilitaka mshahara wa mtu. Anayepokea mshahara mahali fulani hununua na kulipa mahali pale pale, na baada ya miaka ataomba pale pale mkopo wa nyumba. Lakini sherti halikusema mshahara. Lilisema pauni 500 ziingie. Basi mtu ambaye mshahara wake uko banki nyingine hutuma pauni 500 tarehe 1, na tarehe 2 huzirudisha zilikotoka. Sherti limetimizwa. Mwenye akaunti katika mabanki matatu aweza kuzungusha pauni zile zile 500 katika yote matatu, kama kuku mmoja anayeonyeshwa wageni watatu, na kila mgeni akadhani ni kuku wake. Tena mwenye simu ya siku hizi huagiza mara moja tu, na feza hujizungusha kila mwezi yeye akiwa amelala.

Je, ni udanganyifu?

Anayesema ndiyo ana hoja yenye nguvu, wala si mpya. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristu, alikumbusha jambo lililotokea baada ya vita vya Cannae, mwaka 216 kabla ya Kristu. Hannibal, jemadari wa Kartago, alikuwa amewashika Waroma wengi. Akawatuma kumi kwenda Roma kuomba wenzao wakombolewe, nao wakaapa kwamba wasipofaulu watarudi kwake. Mmoja wao, wakiisha kutoka kambini, alirudi upesi akisema amesahau kitu, kisha akatoka tena. Wazee wa Roma walipokataa kulipa, wenzake tisa walirudi utumwani. Yeye akabaki kwake, akidai kwamba hana tena kiapo: aliahidi kurudi, na alikwisha kurudi. Mwandishi Polybius alieleza kwamba wazee wa Roma walimfunga kamba wakampeleka kwa adui yao. Cicero alikubaliana nao: hila haifungui kiapo, huongeza kosa tu.

Mwaona, wasomaji, jinsi habari hii inavyofanana na zile pauni 500. Zinaingia, zinatoka, na mwenyewe anasema: niliahidi ziingie, nazo ziliingia. Kama Mroma yule alikosa, mbona mtu wetu wa London asiwe na kosa? Hatutaki kuliruka swali hili, kwa maana mtu akishindwa kulijibu, maneno yake mengine yote juu ya jambo hili ni ya bure.

Tunajibu hivi. Neno la mapatano halina maana ya herufi zake tu, wala halina maana ya mambo aliyotamani moyoni yule aliyelisema. Lina maana ile ambayo wote wawili wanajua kwamba mwenzake anaielewa. Hannibal na mateka yule walijua sawasawa maana ya kurudi. Hakuna aliyefikiri kwamba ni kurudi kuchukua mkoba. Ndivyo ilivyo kwetu katika likelemba. Watu kumi wanapatana kutoa feza kila mwezi, na kila mwezi mmoja hupokea yote. Hakuna karatasi, lakini aliyepokea mwezi wa kwanza akiacha kutoa mwezi wa pili, hata watoto wa mtaa watamwita mwizi. Akisema kwamba hakuna mahali palipoandikwa kwamba yampasa kuendelea, watu watacheka.

Banki si hivyo. Maneno ya sherti ameyaandika yeye peke yake, akiwa na wanasheria wake na muda wa kutosha, na mteja hakuulizwa hata nukta moja. Tena banki inajua. Soma masherti ya mabanki ya Uingereza kwa uangalifu, nawe utakuta katika mengi yao sentensi inayosema kwamba feza inayotoka katika akaunti nyingine ya banki hiyo hiyo haihesabiwi. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwandishi alifikiria watu wanaozungusha feza, akafunga mlango mmoja, na ule mwingine akauacha wazi. Angaliweza kuandika kwamba feza ikae mpaka mwisho wa mwezi. Angaliweza kuandika kwamba uwe mshahara. Hakuandika. Mtu anayeona mlango ulioachwa wazi na mwenye nyumba akiwa ameketi kizingitini anamtazama, akipita hawezi kuitwa mwizi.

Na sheria ya Uingereza yenyewe inaelekea upande huu. Sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 inasema kwamba neno la mkataba likiwa na maana mbili, maana inayomfaa mnunuzi ndiyo itakayoshika. Sababu yake si huruma. Aliyeshika kalamu ndiye awezaye kusema wazi. Akikosa kusema wazi, hasara iwe yake.

Kutokana na hayo twapata kipimo kimoja ambacho tunakiona kuwa chema, nacho si kigumu kukumbuka. Mtu ajiulize: jambo ninalofanya naweza kumwambia karani wa banki usoni pake, kisha nikapokea zawadi yangu bila haya? Mwenye kuzungusha pauni 500 aweza. Atasema, "Bwana, mshahara wangu uko kule, hapa naleta 500 kila mwezi na kuziondoa kesho yake." Karani atainua mabega tu, atasema sherti limetimia. Mateka wa Hannibal hakuweza. Ndiyo maana alisingizia kwamba amesahau kitu. Aliyesingizia anajihukumu mwenyewe: anajua kwamba ukweli ukisemwa, mapatano yatavunjika.

Hapa inafaa tukumbuke jambo la Marekani ambalo wengi wamelisahau, kwa kuwa linaonyesha kwamba mabanki yenyewe yaliwahi kukaa upande ule ule anapokaa mteja leo. Mwaka 1933, baada ya mabanki mengi kuanguka, sheria ya nchi ile ilikataza kutoa faida kwa akaunti za hundi, na kwa akaunti za akiba ikawapa wasimamizi uwezo wa kuweka kikomo cha faida. Walidhani kwamba mabanki yakishindana kutoa faida kubwa yataharibika tena. Basi banki iliyotaka wateja ingefanya nini? Haikuruhusiwa kuongeza faida. Ikatoa vyombo. Anayefungua akaunti alipewa kikaango, blanketi, sufuria, na hasa mashini ndogo ya umeme ya kuchoma mkate. Katika miaka ya 1960 na 1970 mashini ile ilijulikana sana hata ikawa mzaha: banki ni mahali pa kutafuta mashini ya mkate.

Je, kikaango si faida? Ni faida kabisa, imevaa nguo nyingine tu. Herufi ya sheria ilikatazia feza, nayo banki ikatoa chuma. Lakini angalieni walivyofanya: walitangaza katika magazeti, wakapanga vyombo katika madirisha ya barabarani. Wasimamizi waliona, wakaweka kikomo cha bei ya zawadi, wakaacha mengine yaendelee. Hakuna aliyefichwa neno.

Jambo la pili la siku zile lapendeza zaidi. Katika Massachusetts mabanki ya akiba hayakuwa na ruhusa ya kutoa akaunti za hundi. Banki moja ya mji wa Worcester ikabuni karatasi ambayo mteja huiandika kuamuru feza itolewe katika akiba yake apewe mtu fulani. Haikuitwa hundi. Iliitwa amri ya kutoa feza, ingawa mwenye macho alijua kwamba ni ndugu pacha wa hundi. Banki haikuificha katika droo. Ilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa, ikakataliwa, ikaenda mbele ya mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1972 mahakama ikasema kwamba sheria haikatazi. Mwaka 1980 sheria mpya iliruhusu akaunti za namna ile katika nchi nzima. Twasema basi: kupita katika nafasi iliyoachwa na maneno si kosa, ikiwa mtu anapita mchana. Mabanki yaliyofanya hivyo mbele ya serikali hayawezi leo kumnung'unikia mteja anayefanya hivyo mbele yao.

Lakini kipimo chetu hakimpi mteja kila kitu anachokitaka. Tubaki Marekani. Kule mabanki hutoa dola mia kadha kwa anayefungua akaunti na kupokea humo mshahara au pensheni inayotumwa na mwajiri au na serikali bila kupitia mikononi mwake. Sherti hapa limetajwa kwa jina: ni mshahara, tena wametaja nani awe mtumaji. Sasa wako watu waliovumbua kwamba mashini za banki hazitofautishi sawasawa. Feza yako mwenyewe, ukiituma kutoka banki fulani fulani, mashini huiandika kana kwamba ni mshahara. Watu hupeana habari: ukituma kutoka pale itahesabiwa, ukituma kutoka kule haitahesabiwa. Wengi waona jambo hili ni ndugu wa lile la pauni 500. Sisi twaona ni jambo la ukoo mwingine.

Katika lile la kwanza sherti lilidai tendo, na tendo lilifanyika: pauni 500 ziliingia kwa kweli. Katika hili la pili sherti linadai kwamba jambo fulani liwe kweli, yaani kwamba feza hii inatoka kwa mwajiri, na jambo hilo si kweli. Kwamba mashini imekubali haibadili kitu. Muuza samaki ambaye mizani yake imeharibika ikamwongezea nusu kilo, akajua, akanyamaza, hawezi kusema, "Mizani ndiyo iliyosema." Mizani haina ulimi. Na kile kipimo cha usoni kinamkamata mara moja: mtu huyu hawezi kumwambia karani, "Bwana, huu si mshahara, lakini mashini yenu imedanganyika," kisha akanyoosha mkono.

Kuna anayejibu kwamba banki nayo inajua mchezo huu na kuuachilia. Pengine ni kweli kwa banki fulani. Basi na aulize. Kuuliza hakugharimu hata dola moja. Karani akimjibu kwamba feza iliyotoka banki nyingine itahesabiwa, imehesabiwa, na moyo wake utulie. Anayeogopa kuuliza amekwisha kujua jibu. Tena si masherti yote ya Marekani yanayosema mshahara. Mengine yanataka feza iingie kwa njia ya umeme tu, wala hayataji mwajiri. Mwenye kufanya kazi yake mwenyewe, seremala au mama wa duka, ambaye hana mwajiri wa kumtumia kitu, atafute matangazo ya namna hiyo. Twajua kwamba atasema ameonewa, maana anafanya kazi kuliko wengi wenye mshahara. Ndiyo, ameonewa kidogo. Lakini kuonewa huko hakumpi ruhusa ya kujiandika mshahara asioupata.

Na tukiwa hapo, tukumbushe kwamba serikali ya Marekani huhesabu zawadi hizi kuwa ni faida ya akiba, na mtu anapaswa kuzitaja katika kodi yake ya mwaka. Wengi waliozipigania kwa bidii huzisahau siku ile.

Sasa tugeuze kipimo. Ikiwa mteja yampasa kutenda mambo anayoweza kuyasema usoni, banki nayo je?

Tutoe mfano wa akiba ya kila mwezi. Mabanki ya Uingereza hutangaza akaunti ambayo mtu huweka, tuseme, pauni 300 kila mwezi kwa miezi 12, na faida yake ni asilimia 7. Mtu akisoma hesabu hii haraka husema: mwisho wa mwaka nitakuwa na pauni 3,600, na asilimia 7 yake ni 252. Siku ikifika apewa pauni 136 na nusu. Huona kwamba ameibiwa. Hakuibiwa. Pauni 300 za kwanza zilikaa miezi 12, za pili miezi 11, za tatu 10, hata zile za mwisho zilizokaa mwezi mmoja tu. Na kila fungu lilipewa faida kwa muda lililokaa. Hesabu ni ya kweli, wala hakuna neno la uongo katika tangazo. Walakini ile 7 imeandikwa kwa herufi kubwa kama kichwa cha mtu, na 136 na nusu, ikiwa imeandikwa, iko chini kabisa kwa herufi za mchanga. Siku hizi mabanki yale hutakiwa kuonyesha mfano wa hesabu, mtu ajue mapema atakachopata. Banki inayoutia mfano ule mbele ya macho yake imesema usoni. Inayoutupa ukurasa wa nne, mahali ambapo inajua hatafika, haikusema uongo, lakini imefanya kama yule mateka: imerudi kambini kuchukua mkoba.

Vibaya zaidi ni masherti yaliyotungwa ili yasahauliwe. Faida ni kubwa kwa mwaka mmoja, kisha huanguka kimya kimya. Zawadi hupotea kama amri moja ya malipo imechelewa siku mbili. Aliyeweka akiba akitoa feza mara moja kabla ya wakati hupoteza yote. Sherti la namna hii lina kazi gani? Kama linaisaidia banki kujua feza itakaa muda gani, ni sherti la haki, maana akiba iliyotulia ndiyo inayowezesha kukopesha. Lakini likiwa na kazi moja tu, ya kungoja usahaulifu wa watu, basi banki inatafuta feza mahali ambapo haikuleta huduma yoyote. Uingereza ilianza kuyashika mambo haya kwa nguvu zaidi tangu tarehe 31 Julai 2023, wasimamizi wa feza walipoyawekea mabanki wajibu mpya wa kuhakikisha kwamba mteja wa kawaida anaelewa, na kwamba njia yake haikujazwa mawe kwa makusudi. Twaona ni vema. Hakuna mtu anayeweza kumwambia mjane usoni, "Tulitumaini utasahau."

Tumemtaja mjane kwa sababu kuna swali jingine linalotusumbua zaidi kuliko yote yaliyotangulia. Feza ya zawadi hizi inatoka wapi? Haitoki mfukoni mwa mkurugenzi. Mwaka 2015 wasimamizi wa Uingereza walitoa uchunguzi wao juu ya akiba, wakaonyesha kwamba akaunti za zamani hupewa faida ndogo kuliko zile mpya. Kwa maneno mengine, anayehama hupewa, na anayekaa hulipa. Na nani anayekaa? Mara nyingi ni mzee ambaye amekuwa na banki moja miaka 40, anayeona kwamba kuhama ni kukosa adabu, ni mtu asiyesoma vizuri lugha ya nchi, ni mgonjwa. Tena maskini hawezi hata kuingia katika mashindano: ambaye hapati pauni 500 kwa mwezi hana cha kuzungusha, na ambaye hulipia umeme wake kwa kadi, kidogo kidogo, hana amri mbili za malipo. Sherti linalomfungulia mwenye mshahara mlango ndilo linalomfungia yeye. Mama wa soko letu angalau hutoa matabishi hata kwa anayenunua kikombe kimoja.

Je, kwa hiyo anayepokea zawadi anamnyang'anya mzee yule? Hatufikiri hivyo. Aliyepanga bei ndiye anayeijibia, si aliyenunua kwa bei iliyopangwa. Mtu akikataa pauni 175 kwa ajili ya huruma, pauni zile hazitaenda kwa mzee; zitabaki katika banki. Lakini anayejua njia naye ana mama, ana mjomba, ana jirani wa ngazi ya pili. Jioni moja akae nao mezani, awasomee barua za banki, awaonyeshe kwamba akiba yao inapata robo ya faida ambayo wangeweza kuipata kwa kutia sahihi mara moja. Twashangaa jinsi watu wanavyoweza kutumia saa nyingi kutafuta zawadi ya nne na ya tano, na wasitumie saa moja kwa mama aliyewazaa. Na yule anayehama mara sita kwa mwaka ajue pia kwamba kila ombi la akaunti laweza kuacha alama katika kumbukumbu zinazosomwa na wakopeshaji. Siku atakapotaka mkopo wa nyumba, alama zile zitasomwa na mtu asiyemjua.

Limebaki jambo moja, dogo kwa feza, ambalo twaliona gumu kuliko yote. Mtu anatakiwa kuwa na amri 2 za malipo, naye anayo moja tu, ya simu. Basi anakwenda kwa shirika la msaada, la wagonjwa au la watoto, anaandika kwamba atatoa pauni 1 kila mwezi. Amri ya pili imepatikana. Zawadi ikiingia, anaifuta ile pauni. Banki haikudanganywa: ilitaka amri mbili, nazo zilikuwepo. Mbele ya karani hana aibu. Lakini kuna uso mwingine hapa. Shirika lilimwandika katika orodha ya wafadhili, likamtumia barua ya shukrani, likaweka pauni zake 12 katika hesabu ya mwaka. Hawezi kwenda kwa yule mama wa shirika na kumwambia, "Nilikutumia wewe kama ngazi." Hata hivyo hatumkatazi njia hii. Ikiwa hana bili nyingine, atoe ile pauni, aiache iendelee mpaka mwaka uishe, kisha, kama hataki tena, aandike barua fupi ya kuaga. Pauni 12 katika 175 si mzigo, na shirika litakuwa limepata ilizoahidiwa.